Kompyuta inayoganda ovyo: kutafuta chanzo chake ukiwa Dodoma

Ikiganda tena leo, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock, kisha tazama kile kitaa kidogo kwenye kibodi. Kitaa kikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mfumo wenyewe bado unapumua. Kilichokwama ni programu, diski, au picha tu ya kwenye kioo. Kitaa kisipobadilika, mshale wa kipanya nao umesimama, na muziki uliokuwa ukipiga unarudia kisauti kimoja mfululizo, basi mashine nzima imekwama, na mara nyingi hapo unashughulika na vyuma: umeme, joto, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) au madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vingine). Baada ya hapo kaa dakika tatu bila kugusa kitu. Kompyuta inayozinduka yenyewe ina ugonjwa tofauti na ile ambayo haizinduki hata ukienda kuteka maji ukarudi.

Kitaa na zile dakika tatu havikugharimu hata senti, na vinakupunguzia nusu ya kazi. Nayasema haya kwa uchungu. Nilikwisha kulipa kupigiwa Windows (kufutiwa ya zamani na kuwekewa upya) mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kwetu Nkuhungu, na hakuna aliyeniuliza ni lini hasa mashine inaganda. Mara ya pili picha za msiba wa baba mkubwa zilikwenda na ile Windows ya zamani, kwa sababu zilikuwa Desktop. Hazijarudi. Kuganda nako kuliendelea vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote, nakili vitu vyako. Picha, vyeti vilivyoskaniwa, hesabu za duka, kazi za shule za watoto: viweke kwenye flashi au diski ya nje, kisha ifungue kwenye mashine nyingine uhakikishe vinasomeka. Anza na vile ambavyo huwezi kuvipata tena popote. Filamu na miziki vije mwisho.

Halafu tafuta daftari. Letu alilianzisha mke wangu, ambaye hesabu za vitenge vyake zote ziko kwenye hiyo kompyuta. Kila ikiganda aliandika siku, saa, alichokuwa akifanya, na kama kitaa kiliitika:

Jumatatu saa 8:40 mchana, Excel, kitaa kimya.
Jumanne saa 10:15 jioni, hakuna kilichofunguliwa, kitaa kimya.
Alhamisi saa 9:05 alasiri, mtoto anaangalia video, kitaa kimya.

Baada ya wiki mbili tukakaa tukalisoma. Kilichotushtua ni yale ambayo hayakuwamo. Hapakuwa na Jumapili hata moja. Hapakuwa na usiku. Asubuhi, mara moja tu. Kompyuta yenye RAM mbovu haijui Jumapili ni siku gani. Anayejua Jumapili ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, anayechomelea mageti na madirisha, na ambaye kazi yake nzito huanza mchana akishakata vyuma asubuhi.

Umeme

Nilimfuata nikamwambia, "Kaka, nakuomba kitu kimoja. Kesho ukianza kuchomelea nibipu, nataka kupima umeme huku kwangu." Akacheka, akanibipu. Multimita ilikuwa imesoma volti 226. Kila alipogusisha fimbo kwenye chuma ilishuka hadi 178, taa ya sebuleni ikafifia, kisha ikapanda tena. Umeme wetu wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Hakuna aliyekosea: yeye anatafuta riziki, na sisi tuko mwisho wa ule waya, ambako mzigo wa mmoja unaonekana kwa wote.

Pawa saplai (kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) iliyo nzima na nzuri ingevumilia mshuko wa namna ile. Nyingi za siku hizi zimeandikwa ubavuni 100–240V, na hizo hazibabaiki sana. Yetu ilikuwa ya zamani, yenye kile kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma, ambayo ikiwekwa 230 hutegemea umeme uwe karibu na hapo kweli. Juu ya hayo ilikuwa imechoka. Volti ikishuka ghafla, ule umeme mdogo unaokwenda kwenye madabodi unayumba kwa muda mfupi sana. Haitoshi kompyuta kuzimika, lakini inatosha prosesa, ubongo wa kompyuta, kupoteza hesabu yake. Ndipo inapoganda.

Ukiwa na laptopu una kipimo rahisi kuliko multimita. Itumie kwa betri peke yake siku mbili, saa zile zile inazoganda. Isipoganda hata mara moja, kisha ikaganda ulipochomeka chaja, umeshajua uelekee wapi: chaja yenyewe au umeme wa ukutani. Azima chaja nyingine yenye volti na wati zile zile kabla ya kununua.

Kuhusu vifaa vya kulinda umeme, watu huchanganya vitu vitatu. Friji gadi hukata umeme ukishuka, husubiri dakika kadhaa, kisha huurudisha. Hiyo ni sahihi kwa friji, lakini kompyuta itazimika ghafla kila mara, na diski haipendi. Stabilaiza huinua volti iliyoshuka lakini umeme ukikatika haina cha kukupa. UPS ina betri ndani, na zile zenye kurekebisha volti hufanya kazi zote mbili. Kwa kompyuta ya mezani, kama pesa inatosha kitu kimoja, nunua UPS yenye kurekebisha volti, na uulize hilo waziwazi dukani, maana si zote zinazo. Ekstensheni yenye taa na swichi hailindi chochote.

Ukifungua kasha (lile tunaloliita CPU) tazama vikapasita vya kwenye madabodi, vile vipipa vidogo vilivyosimama. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa kama mfuniko wa kopo. Kilichotuna, au chenye ute wa kahawia uliokauka juu yake, kimekufa. Fundi anayejua kulehemu anaweza kukibadilisha. Ila pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe. Ndani yake kuna vikapasita vinavyohifadhi umeme wa volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na vinaweza kuua. Jaribu kwa kuazima nyingine; ikibainika ndiyo mbovu, inabadilishwa nzima.

Vumbi na joto

Hapa kwetu hili lingeweza kuwa la kwanza. Mvua ikikatika mwezi wa tano, hadi irudi mwishoni mwa mwaka, vumbi ni letu sote, na ukiishi kando ya barabara ya udongo utalikuta hata ndani ya kabati lililofungwa. Kompyuta ni mashine inayovuta hewa kutwa nzima. Kila inachovuta kinaishia mahali pamoja: kati ya feni na vile vyuma vyembamba vya kupoozea prosesa.

Ndiyo maana kutazama juu juu hakutoshi. Unafungua kasha, unaona feni inazunguka vizuri, unafunga. Ondoa feni yenyewe (mara nyingi ni skrubu nne au vibanio viwili) utazame chini yake. Ya kwetu ilikuwa na tabaka jekundu, laini, lililoshikana kama kipande cha blanketi, nikalibandua zima kwa vidole viwili. Feni ilikuwa inapuliza blanketi.

Joto lina dalili zake. Kompyuta huganda baada ya nusu saa au saa moja, si ikiwashwa tu. Ukiiwasha tena papo hapo inaganda mapema zaidi. Ukiiacha ipoe inarudi kuwa nzima. Feni hupiga kelele kabla. Mchana wa Oktoba ni mbaya kuliko usiku wa Julai. Weka programu ya HWMonitor au HWiNFO usome nyuzi za prosesa: ikiwa imetulia, 40 hadi 50 ni kawaida, ikifanya kazi nzito, 70 hadi 80 si ajabu. Ikikaribia 95 au 100, prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe, na zikizidi hapo hujizima. Kwa hiyo prosesa yenye joto kali mara nyingi itakuwa nzito kisha kuzimika. Kuganda kabisa huletwa zaidi na joto la kadi ya picha, au la vile vifaa vidogo vinavyoipa prosesa umeme, ambavyo havipati hewa pindi kasha likijaa vumbi.

Kabla ya kusafisha, thibitisha. Fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani ndani, uitumie jioni nzima hivyo. Ikikaa sawa saa nne mfululizo ilhali jana iliganda mara tatu, huna haja ya kubahatisha tena.

Kusafisha kwenyewe: zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma kitupu cha kasha. Itoe nje barazani, ukae kwa namna ambayo upepo unalipeleka vumbi mbali nawe, na ujifunge kitambaa puani. Tumia brashi laini ya rangi, mpya, na bloa ya mkono kwa nguvu ndogo. Shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, maana ikizungushwa kwa kasi bila mpango inaharibika. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Mashine ya kufyonzea vumbi ya nyumbani nayo huzalisha umeme tuli, iache.

Kama bado joto linapanda haraka baada ya kusafisha, pesti ya kati ya prosesa na vyuma vyake huenda imekauka na kuwa kama chaki. Ifute kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya dengu katikati, funga skrubu kwa kupishanisha pembe. Wengi huweka nyingi wakidhani ndiyo kupooza zaidi. Kidogo kinatosha.

Na kile kitambaa cha kudarizi tunachofunikia kompyuta: kizuri, kinazuia vumbi ikiwa imezimwa. Kiondoe chote unapowasha. Nimekuta nyumba tatu ambako kilikuwa kimekunjwa tu upande wa mbele, nyuma kimeziba tundu la hewa ya moto. Kasha nalo litoke sakafuni. Hata tofali mbili zinasaidia.

Mshale unatembea lakini hakuna kinachofunguka

Hii ni ile hali ambayo kitaa cha Caps Lock kinaitika. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc pamoja. Ukiweza kuifungua, tazama safu ya Disk na ya Memory (yaani RAM).

Memory ikiwa juu ya 90 kwa mia na diski nayo 100, hasa kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, hiyo haijaharibika, ina njaa. Windows inakosa nafasi kwenye RAM, inahamishia vitu kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiwezi kasi hiyo. Ongeza RAM ifike 8, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), na utashangaa kwamba ni kompyuta ile ile.

Memory ikiwa na nafasi lakini diski imekaa 100 huku kasi ya kusoma ni karibu na sifuri, hapo ogopa. Weka sikio kwenye kasha. Diski inayogonga tk, tk, tk, ikanyamaza, ikaanza tena, inajaribu kusoma mahali pamoja palipokufa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha hali yake kwa rangi. Ya njano tayari ni onyo. Soma mistari mitatu. Wenye namba 05 ni sehemu zilizokwisha kufa zikabadilishiwa nafasi. Wenye C5 ni zile zinazosubiri hukumu, na huo ndio unaoendana zaidi na kuganda, kwa sababu kompyuta nzima husimama ikingoja jibu la sehemu hiyo. Wenye C7 ni makosa ya njiani, kati ya diski na madabodi. Huu mara nyingi husababishwa na kebo: badilisha kebo ya SATA, kisha uangalie kama namba inaendelea kupanda. Haitarudi sifuri, hesabu hiyo haifutiki. Unachotaka ni isiongezeke.

Usianze na chkdsk /r kwenye diski inayogonga. Kipimo hicho husoma diski yote kipande kwa kipande, na diski iliyo mahututi inaweza kufia hapo hapo. Nakili kwanza, pima baadaye. Na ukiona C5 inapanda siku hadi siku, usiirekebishe, inunulie mrithi.

RAM

Alama ya RAM mbovu ni kutokuwa na alama. Inaganda asubuhi, inaganda usiku, inaganda ukiandika, inaganda ukiiacha, na pengine skrini ya bluu inakuja na maneno tofauti kila mara. Zitoe, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa makombo, zirudishe mpaka zibanwe pande zote. Kwa hewa ya vumbi hili peke yake limewahi kuponya mashine nyingi. Kama ziko mbili, tumia moja moja, siku mbili kila moja, kwenye tundu lile lile. Kisha badilisha tundu. Ushahidi kamili ni MemTest86, programu ya kupimia RAM, ikiwa kwenye flashi, uiache usiku kucha (angalia uniti za LUKU kabla ya kulala). Kosa moja tu linatosha kuikataa. Ukiwa umeongeza RAM karibuni na kuganda kukaanza hapo, huhitaji kusubiri usiku: itoe.

Programu

Kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinamaliza ubishi. Andaa Linux Mint au Ubuntu (mifumo ya bure ya Linux, inayotumika badala ya Windows) kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo bila kuiweka kwenye diski, uitumie siku nzima. Ikiganda na huko, Windows haina kosa na kupiga nyingine ni kupoteza pesa. Ikikaa sawa siku mbili au tatu, mshitakiwa ni Windows, draiva zake (programu zinazoendesha vifaa), au diski ambayo huku haikuguswa sana.

Ukishafika kwenye Windows, fungua Reliability Monitor kwa kuandika perfmon /rel. Inakupangia siku kwa siku, na mara nyingi utaona kuganda kulianza siku fulani baada ya kitu fulani kuwekwa. Antivirusi mbili kwa pamoja hukabana, bakiza moja. Kioo kikiganda huku sauti inaendelea vizuri, jaribu kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja: kinaanzisha upya draiva ya picha, na kioo kikirudi, draiva hiyo ndiyo ya kubadilisha. Safe Mode, yaani Windows ikiwashwa na vya lazima tu, nayo husaidia: ikikaa sawa huko, kuna kitu cha ziada kinachoisumbua.

Ndani ya Event Viewer (kumbukumbu za matukio za Windows) utakutana na Kernel-Power 41, na watu wengi hushika hapo. Inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa. Ni wewe uliyebonyeza kitufe. Cha maana zaidi ni maonyo ya disk, au WHEA-Logger, ambayo ni vyuma vyenyewe kulalamika.

Amri za sfc /scannow na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth zinafaa ikiwa faili za mfumo zimeharibika, jambo la kawaida pale umeme unapokatika kila mara. Ya pili inaweza kuvuta faili mtandaoni, kwa hiyo bando liwepo. Windows zilizovunjwa kwa programu za kuamilisha mimi sizigusi tena. Huwezi kujua ni kitu gani kingine kiliingia nazo. Na kama bado uko kwenye Windows 10, ilimaliza kipindi chake cha kawaida cha masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo haliigandishi, lakini kama unakwenda kupiga Windows upya, usirudi huko bila kufikiri.

Kuna jambo moja utaambiwa mara kwa mara: badilisha betri ya madabodi, ile ya CR2032. Ikifa, saa na tarehe vinapotea kila ukizima. Kuganda katikati ya kazi ni nadra sana kutoka hapo.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Umepima umeme, umesafisha, diski ni nzima, RAM zimepita, Linux nayo inaganda: imebaki madabodi, prosesa au kadi ya picha, na hapo wengi wetu tunahitaji mikono ya fundi. Kama kadi ya picha ni ya kuchomekwa na madabodi ina tundu lake la kioo, ichomoe kwanza ujaribu bila hiyo.

Mpelekee daftari, na umwambie vipimo ulivyokwisha kufanya, ili usilipie tena. Mwombe akuoneshe inavyoganda mbele yako kabla hajafungua kitu, na kifaa atakachobadilisha akurudishie kile cha zamani mkononi. Kama ulishahakikisha diski si tatizo, itoe uiache nyumbani. Fundi wa madabodi anaweza kupima kwa diski yake mwenyewe. Siku mimi nilipopeleka ya kwetu kubadilishiwa pawa saplai, diski ilibaki kwenye droo ya mke wangu, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, na daftari juu yake.